Paa Tulilolizika Mara Mbili

Katika nchi ambako kila mtu ana sururu, hakuna kazi ngumu kama kuzika kitu. Nawaambia ninyi mnaoanza kazi ya paa sasa, mkiwa na simu zinazowaonyesha kila jambo isipokuwa hilo. Kushusha bati za asbesto kunataka subira. Kuzifunga kunataka usafi. Lakini kuzizika Katoro, mahali ambapo mtu akiona udongo mpya hupiga magoti na kuuchambua kwa vidole akitafuta dhahabu, hiyo ni kazi ya aina yake, na mimi niliifanya mara mbili kwa paa lilelile.

Naitwa Minza. Nilikuwa fundi paa hadi magoti yangu yalipokataa ngazi. Niliingia kazini kwa njia ya ndoo. Wazazi wetu walifariki tukiwa upande wa Songwa, mimi mkubwa nikiwa darasa la tano, na mdogo wetu wa mwisho, Kabula, bado ananyonya kidole gumba. Shule na wadogo haviwezi kubebwa kwa mkono mmoja, nikabeba wadogo. Mzee Luhende, fundi paa wa Shinyanga, alikuwa anatafuta mtu wa kumchotea maji. Alinitazama, akatazama ndoo, akasema ndoo ni kubwa kuliko mimi lakini yeye hana ndoo nyingine. Hayo ndiyo yalikuwa mahojiano yangu ya kazi.

Mzee Luhende alikuwa na sauti. Akiwa juu ya paa akaita jina lako, wenye jina hilo wote waliokuwa sokoni waliitika. Hakushuka kufuata msumari. Aliuita, na msumari ulikuja. Aliimba, alitukana mbao, alisalimiana na watu wa mtaa wa tatu. Na alikata bati za asbesto kwa msumeno wa mkono, akiwa kifua wazi, vumbi jeupe likimwagika kama sembe kinuni. Jioni tulirudi nyumbani weupe wote, watu wakituuliza tunasagia mashine gani.

Hatukujua. Vipande vilivyobaki havikutupwa, maana vitu vyema havitupwi. Kimoja kilikuwa mlango wa banda la bata. Kingine aliombwa na mama lishe mmoja jirani, akakiweka juu ya mafiga apate kuchomea chapati, kwa kuwa kilikuwa bapa na hakishiki kutu. Asbesto ikipata moto mkali hupasuka kwa kishindo. Ilipasuka. Chapati iliruka ikaenda kutua juu ya kofia ya mtu ambaye hakuwa ameagiza kitu, na ubishi uliofuata haukuwa juu ya mlipuko. Ulikuwa juu ya nani anapaswa kuila. Mpaka leo nikikumbuka, sicheki bila kwanza kutazama chini. Vipande vile tulivifagia kwa ufagio mkavu.

Miaka mingi baadaye nilikwenda kumwamkia Mzee Luhende kwake. Mbuzi wake alikuwa amefungua kamba anakula mboga, na mzee amekaa mlangoni anamtazama. Aliinua mkono, akafungua mdomo kumfukuza, ikatoka pumzi tu. Hospitali walisema mapafu. Hakuna aliyenihakikishia ni vumbi gani kati ya mavumbi yote aliyoyala, nami siwezi kuwaambia nisichokijua. Nilimfukuza mbuzi mimi.

Watu huniuliza: utaitambuaje? Kwanza uliza umri wa nyumba. Nyumba za zamani za viwanda, stesheni, shule na misheni, hizo uziingie kwa adabu. Bati la asbesto halipati kutu. Huota kuvu na kujaa madoa kama ngozi ya kobe. Ni nene, la rangi ya majivu, limeshikwa na boliti ndefu zenye kofia. Pengine si paa peke yake; utakuta dari, au vigae bapa vimepigiliwa ukutani, kimoja kikilalia kingine kama magamba ya sato. Kona iliyokwisha kuvunjika utaona nyuzinyuzi, kama muhogo mkavu uliokatika. Nimesema iliyokwisha kuvunjika. Usivunje upate kuona. Na ukishayaona hayo yote, bado hujui kwa hakika, kwa sababu zipo bati za saruji zisizo na asbesto zinazofanana nayo kama pacha. Maabara ndiyo inayojua. Mpaka iseme, wewe ichukulie ni asbesto.

Na kama ni nzima, haina ufa, hakuna anayeigusa, iache ilivyo na uiangalie mara kwa mara. Wazee walisema, aliyelala usimwamshe. Ukimwamsha, utalala wewe. Sijui walikuwa wanasema juu ya nani, lakini kwa asbesto walipatia.

Ya Kabula haikuwa imelala. Mdogo wangu alikwisha kuwa mwalimu, akanunua nyumba ya zamani ya meneja wa pamba pembeni mwa Katoro ili afungue shule ya chekechea. Nyumba nzuri, vyumba vipana. Aliponipeleka kuiona nilisimama getini nikagoma kuingia. Mwarobaini ulikuwa umeangukia paa ukalipasua, na vigae vya ukutani vilikuwa vinamomonyoka juu ya uwanja uleule ambao alikwisha kuupangia bembea.

"Dada, usiniambie," alisema.

Nikamwambia. Alikaa juu ya jiwe, akaniuliza kama watoto wakikaa upande mmoja wa uwanja haitoshi. Nilimjibu kwamba vumbi halina upande. Afisa mazingira wa halmashauri, kijana mpole aliyeniita mama kila baada ya neno la tatu, alisema vivyo hivyo kwa maandishi: shule haifunguliwi mpaka paa na vigae vishushwe na vizikwe mahali atakapopaonyesha yeye. Watoto walikwisha kuandikishwa. Wengine walikuwa wanapita asubuhi na mabegi mgongoni kuuliza kama leo ndiyo shule.

Basi nikarudi juu ya ngazi kwa mara ya mwisho.

Sikilizeni namna tulivyofanya. Nilinunua pampu mpya za mgongoni, zile za kupulizia pamba dawa, ambazo hazijawahi kutiwa sumu. Nikajaza maji na sabuni kidogo. Bati hulowanishwa kabla ya kuguswa, na likiguswa hulowanishwa tena. Hukanyagi bati, litakuangusha. Unatandika mbao na kutembea juu ya mbao. Boliti inakatwa, haing'olewi kwa nguvu. Bati linashushwa mikononi mwa watu wawili, halitupwi. Kigae cha ukutani unakipulizia mbele, ukilegeza msumari unakipulizia na nyuma. Hakuna msumeno, hakuna mashine ya kukatia, hakuna ufagio mkavu. Barakoa ni ile maalumu ya vumbi laini inayobana uso. Kitambaa hakisaidii, na kanga ya shangazi yako haisaidii pia. Ovaroli haiendi nyumbani. Huli, hunywi, huvuti sigara mpaka utoke ukaoge.

Mkulima mmoja aliegesha baiskeli akanitazama napulizia paa. Aliniamkia, nikaitikia, kisha akauliza ni wadudu gani hao wa kwenye bati.

"Wadogo sana," nilimwambia. "Hawaonekani, na ukiwavuta ndani hawatoki."

Alitikisa kichwa kwa huruma akaenda. Wiki ile muuza pembejeo alilalamika kwamba watu wanamuulizia dawa ya wadudu wa bati na yeye hana.

Tulifunga kila kitu kwa nailoni nene, tabaka mbili, tukabana kwa utepe wa gundi na kubandika maandishi ya hatari. Tukachimba shimo refu katika ardhi ya halmashauri, mbali na visima. Tukazika. Tukazungushia seng'enge. Tukaweka kibao chenye fuvu la kichwa. Afisa alipiga picha, Kabula aliniandalia ugali na kuku wa kienyeji, nami nikatangaza mbele ya watu kwamba nimestaafu.

Mmeona tulipokosea? Mimi sikuona.

Zika takataka Shinyanga mjini, watu watapita. Katoro ukichimba shimo kwenda chini, ukashusha vitu vilivyofungwa mara mbili, waliovishusha wamevaa kama watu wa mgodi mkubwa, kisha ukazungushia seng'enge, umetoa tangazo. Fuvu lilizidi kuharibu. Mtu aliyeko katika utafutaji akiona fuvu, anajiuliza ni nani asiyetaka yeye aingie.

Jumapili nilikuwa kanisani, tumefika kwenye matoleo, Kabula akapenya katikati ya benchi mpaka kwangu. "Dada," alininong'oneza, "wamelifukua. Liko kwa Shija."

Shija alikuwa mwenye karasha, mashine ile ya kusaga mawe ya dhahabu, na karasha yake ilikuwa nyuma kabisa ya ukuta wa shule ya Kabula. Mjue maana yake. Bati zile zikisagwa pale, unga wake ungeingia madarasani, vitandani, kwenye unga wa ugali, kwenye vifua vya mtaa mzima, na hakuna pampu ya pamba ambayo ingeukusanya tena. Nilipanda bodaboda na gauni langu la kanisani.

Tulikuta vifurushi vimepangwa kama kuni. Vingi vilikuwa vizima, vichache vimechanika kwenye ncha. Mashine ilikuwa inanguruma tupu, inapashwa moto. Wachimbaji walikuwa wamejaa, na hoja yao ilikuwa imekamilika kuliko mahubiri niliyoyaacha: nyumba ya meneja imesimama miaka yote hiyo, upepo wa eneo lote la machimbo umepita juu yake, vumbi la dhahabu limetua juu ya paa, mvua imelishindilia ndani ya bati. Ndiyo maana limefungwa. Ndiyo maana limezikwa. Mwingine aliongeza kwamba meneja hakuwa wa pamba hata siku moja.

Niliwaambia ukweli wote. Niliwaeleza nyuzi, mapafu, Mzee Luhende na mbuzi wake. Walinisikiliza kwa heshima. Shija alivua kofia.

"Mayu," alisema, akiniita mama kwa Kisukuma, "kila mwenye dhahabu husema ni sumu."

Akamfanyia ishara kijana wa mashine.

Pale kwenye mwalo wa kuoshea dhahabu palikuwa na pipa la maji. Nilichota ndoo nikamwagia ncha zilizochanika, nikachota nyingine, nikamwagia tena. Hakuna aliyenizuia, maana mwanamke mzee anayechota maji ni jambo la kawaida. Kisha nikakusanya gauni langu nikaketi juu ya vifurushi vizima.

Wachimbaji wote walirudi nyuma hatua moja. Nyinyi wa mijini hamjui. Kwa wachimbaji wengi wa kule, mwanamke hakaribii shimo, wala hakai juu ya mawe yenye mali. Dhahabu humkimbia. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya mzigo wote.

"Amekaa," alisema mmoja kwa sauti ya mtu aliyefiwa.

"Imekwenda," alijibu mwenzake.

Shija alizima mashine. Ndipo ukaanza mjadala ambao sijausikia hata mahakamani. Kundi moja lilisema mwiko ule ni wa wasichana, huyu ni bibi, magoti yake yanalia, dhahabu haiwezi kumkimbia. Jingine likauliza kama bibi si mwanamke. Mmoja alitaka kujua dhahabu ikikimbia inakwenda wapi, na kama inajulikana, kwa nini tusiitangulie. Waliniuliza nina watoto wangapi. Nilijibu nimelea wadogo zangu, wakabishana kama hao wanahesabika.

"Shuka, mayu," alisema Shija. "Tafadhali. Labda haijafika mbali."

"Sishuki mpaka afisa aje na nailoni."

Kabula alikuwa amekwisha kumpigia. Nilikaa. Jua lilinipiga, mtu akaniletea mwavuli, kwa kuwa hata anayekuharibia mali ni mzazi wa mtu. Mpaka afisa alipofika na barakoa na pampu, Shija mwenyewe alikwisha kuwaambia wenzake kwamba mzigo umekufa. Msiniige lakini. Kuketi juu ya asbesto si utaratibu wa kazi, hata ikiwa imefungwa. Niliketi kwa sababu kilichokuwa kinafuata kilikuwa kibaya zaidi.

Tukavaa, tukalowanisha, tukafunga upya kila kitu, tukaosha mahali pale kwa maji na matambara, na matambara tukayafunga pia. Ikabaki swali lilelile. Kuzika wapi? Shimo la kwanza lilikuwa wazi kama mdomo, na shimo lingine lolote nalo lingefunguliwa. Afisa alisema halmashauri ina kipande cha ardhi kilichopimwa kandokando ya makaburi, palipo juu, pasipo na kisima, na kibali chake anaweza kukipata. Hakuwa na wazo lolote zaidi ya hapo. Wala mimi, nakiapia kibali chenyewe.

Siku ya kuzika tulikuwa watu wachache, ovaroli nyeupe, barakoa usoni, glovu mikononi. Vifurushi vilikuwa virefu, vimefungwa nailoni nyeupe. Kila kimoja tulikibeba watu wanne, taratibu, mabegani, maana asbesto haikimbizwi. Na njia ya kutoka kwenye gari kwenda shimoni ilipita makaburini.

Bodaboda wa kwanza alizima pikipiki na kuvua kofia. Wa pili naye. Muuza nyanya aliweka beseni chini. Watu walikumbuka siku zile za ugonjwa, waliozika walipovaa hivyohivyo, kwa hiyo hakuna aliyesogea karibu, jambo ambalo katika kazi yangu yote sijawahi kulipata kwa kuomba. Mzee mmoja aliuliza kwa mbali.

"Poleni. Ni wote hawa?"

"Wote wametoka katika nyumba ile ya meneja," nilisema.

Alishika kichwa. Nikamwambia ni bati, baba, ni bati za paa na vigae vya ukuta. Alimgeukia mkewe, nikamsikia akisema mama wa watu uchungu umempanda kichwani. Wanawake wakaja na kanga viunoni na unga kwenye sufuria, wakaketi chini ya kivuli mbali nasi. Nilivua glovu, nikaosha mikono, nikawafuata nikawaeleza tena, mmoja mmoja. Walinishika mkono. Walisema ndivyo ilivyo, nisizuie machozi. Kwaya iliyokuwa ikifanya mazoezi kanisani jirani ilitoka nje ikaimba wimbo mmoja, kisha wa pili, na katika wa pili nikaona afisa wa halmashauri, msomi kabisa, anafuta jicho chini ya barakoa. Baadaye alisema ni jasho.

Nami niliposhusha kifurushi cha mwisho nikawakumbuka baba na mama, ambao walizikwa na watu wachache kwa haraka kwa sababu mvua ilikuwa inakuja. Nikalia. Sasa nani angeniamini?

Tulifukia, tukashindilia, tukamimina zege juu, na kabla halijakauka afisa akaandika kwa msumari maneno makubwa ya kukataza kuchimba, na kilichomo. Hakuna seng'enge. Hakuna fuvu.

Shija alikuwa amesimama mwisho wa watu, kofia mkononi. Nilimfuata nikamwambia kwamba yeye angalau anajua kilichomo humu, amekishika.

"Najua ni bati," alisema.

"Kwa hiyo?"

Alitazama zege, akatazama wanawake na unga wao. "Mimi nachimba ardhi, mayu. Sichimbi kaburi."

Mpaka leo wamechimba kila upande wa eneo lile, unaona mashimo yamefika ukingoni yakageuka. Watu hupalilia nyasi kuzunguka zege letu. Mwaka jana mtu aliweka maua. Nikipita sokoni bado ninapewa pole ya familia nzima. Kila mara naeleza ni bati, na kila mara naongezewa nyanya mbili.

Shule ilifunguliwa na bati jipya la chuma. Kabula ananilalamikia. Asbesto ilikuwa na adabu, anasema. Mvua ilinyesha na mwalimu akaendelea kufundisha. Bati hili likipigwa na mvua ni ngoma tupu, hakuna anayemsikia mwenzake. Siku moja nilikuwa pale ikaanza ghafla. Nilisimama ukumbini. Kabula alikuwa anaandika herufi ubaoni huku akionyesha kwa fimbo, na watoto, mwanawe Shija akiwa benchi la mbele, walizisoma kwa kupiga mayowe, wameinua videvu, mishipa ya shingo imewatoka, wanashindana na mvua na wanaishinda.

Kabula alinitazama akaziba masikio kwa vidole. Mimi sikuziba. Nilikuwa nawasikia wakivuta pumzi, wote kwa pamoja, kabla ya kila herufi.